Pia ya Goti ya Mzee Nandonde

Nilipokuwa mtoto kijijini Ruponda nilijua, kwa uhakika uleule niliojua jina la mama yangu, kwamba pia ya goti inaweza kumhama mwenyewe. Ukichuchumaa chini ya mkorosho usio wako ukaokota korosho zisizo zako, ile pia inachukia. Inang'oka pale ilipo, inapanda pajani polepole kama konokono, na ikishafika nyongani hairudi tena. Utatembea na goti tupu mpaka siku unazikwa.

Msicheke. Shahidi tulikuwa naye. Mzee Nandonde, mwenye shamba kubwa la mikorosho nyuma ya shule yetu, hakuwa na pia kwenye goti la kulia. Alikuwa anatuita tukitoka darasani, anapandisha suruali, anasema, "Haya, guseni." Tunagusa. Pale ambapo kila binadamu ana kifupa cha mviringo, yeye alikuwa na bonde. Na kutoka kwenye bonde hilo lilipanda kovu refu lililonyooka kuelekea pajani. "Hiyo ndiyo barabara iliyopita," alisema. "Nilikuwa na umri wenu. Korosho zenyewe hazikujaa hata kikombe."

Basi msimu wa korosho ukifika, watoto wote wa Ruponda tulifunga kipande cha kanga kuukuu juu kidogo ya goti, kizuizi kabisa, ili pia ikitaka kupanda igonge hapo irudi nyumbani. Tulionekana kama timu ya mpira iliyoshonewa soksi zikaishia mapajani. Mimi nilifunga miguu yote miwili, na usiku nililala navyo. Sikuwa mtoto wa kubahatisha.

Nimeanza na hadithi hii, vijana wenzangu mliobaki kazini, kwa sababu mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kushika magoti, na bila goti la Mzee Nandonde nisingeshika goti la mtu yeyote. Magoti niliyoyashika mimi yakipangwa foleni yanatoka Nachingwea yanafika Ruangwa, yanapinda, yanarudi. Wengine watasema ninaongeza chumvi. Ninaongeza, ndiyo, lakini mboga ni ya kweli.

Nilianza kazi hospitalini Nachingwea kama mhudumu wa wodi. Nilisukuma machela, nilideki, nilibeba wagonjwa waliokuwa wazito mara tatu kuliko mimi. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima, kwenye mojawapo ya yale majengo waliyoyaacha wazungu wa ule mradi wa karanga wa zamani, tukisoma kwa taa ya karabai iliyokuwa na hasira kuliko mwalimu. Darasani mlikuwa na karani, muuza samaki wakavu, mama mwenye mtoto mgongoni na mimi. Somo la biolojia ndilo lililonishika. Siku mwalimu alipochora goti ubaoni niliuliza, "Mwalimu, hii pia imefungwa na nini isihame?" Akasema imeshikwa juu na msuli wa paja na chini na kano nene inayoteremka mpaka kwenye ugoko, haiendi popote. Nikaandika. Lakini pembeni ya akili yangu nikaweka akiba: pia za watu wa kawaida hazihami, ile ya Mzee Nandonde ilihama, nimeigusa mwenyewe. Vitabu viliandikwa na watu ambao hawajafika Ruponda.

Nilifaulu. Kata nzima ilijua kuwa nimefaulu, kwa sababu niliitangazia mwenyewe. Nikaenda chuo, nikarudi hospitalini kwetu nikiwa mtu wa fiziotherapia, au kama wagonjwa wetu wanavyosema, daktari wa mazoezi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Agripina. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vidole vya chuma, na chumba chake kilikuwa stoo ya zamani yenye kitanda kimoja cha mbao. Zana zake zilijaa kwenye kikapu: kipimapembe cha plastiki kilichokatika ncha, futi ya fundi cherehani, vifuko vya mchanga alivyoshona mwenyewe kwa turubai, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kwa ajili ya kuvutia miguu, na kijukwaa cha mbao cha kupanda na kushuka kilichotengenezwa na seremala aliyelipa matibabu yake kwa kazi. Mimi nilikuwa nimekuja na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Ukiibiwa kuku," aliniuliza, kabla hata ya kuniambia karibu, "unamhoji kuku?"

"Hapana, Bi."

"Unamhoji nani?"

"Majirani."

"Goti ndilo kuku. Majirani zake ni nyonga kule juu na kifundo cha mguu huku chini. Usilikamate goti kabla hujawahoji majirani. Vua hilo koti, utaniogopeshea watoto."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya asubuhi. Ya mchana yalikuwa ya kidole. Bi Agripina alimwambia kila mgonjwa wa goti, "Nionyeshe panapouma, kwa kidole kimoja." Mgonjwa akitoka, ananigeukia: "Akionyesha kwa kidole, ugonjwa una nyumba, nenda ukabishe hodi. Akikamata goti lote kwa kiganja, ugonjwa una mtaa tu, nyumba utaitafuta mwenyewe."

Wiki ileile walikuja wawili wakakaa kwenye benchi moja. Mmoja katekista, mmoja fundi wa vigae kutoka Ruangwa, kila mmoja na uvimbe laini mbele ya goti kama yai lililofichwa chini ya ngozi.

"Langu hili ni la sala," katekista alisema kwa heshima.

"Langu la sebule za watu," fundi akajibu. "Mbinguni nitaingiaje, sijui."

Bi Agripina akawakunjisha magoti wote wawili. Yalikunjika bila taabu. "Tazama," aliniambia. "Maji yako nje ya nyumba, kwenye kifuko kilichopo kati ya ngozi na pia. Yangekuwa ndani ya kiungo, goti lote lingejaa, na ukiibonyeza pia ingezama na kuibuka kama kifuniko kinachoelea kwenye sufuria." Kisha akawaambia wote dawa moja: punguzeni kupiga magoti, na mkipiga, wekeni kitu laini chini. Katekista akauliza kama Mungu atakubali mto. "Goti halijui unalipigia nani," alijibu. "Lakini likiwa jekundu, likichemka, ukipata homa, usije kwangu. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, hapo kuna usaha."

Mwalimu Hadija alikuja na ugonjwa wa kiganja. Maumivu yalizunguka pia yote na nyuma yake, hasa akishuka kilima kwenda shuleni, akichuchumaa, au akikaa muda mrefu kwenye kikao. Alikwisha kuambiwa mtaani kwamba ute wa magoti umekauka, ale bamia. Alikula bamia mpaka mumewe akahamia kwa dada yake kupata chakula kingine. Bi Agripina akampandisha kwenye kile kijukwaa, akamwambia ashuke kwa mguu mmoja taratibu. Goti likaingia ndani kama mlango mbovu. "Ute upo," alisema. "Walinzi ndio waliolala." Walinzi ni misuli ya paja na ya makalio, ndiyo inayoielekeza pia ipite kwenye mfereji wake. Tukamfanyisha mazoezi ya misuli hiyo kwa mpira wa baiskeli, na kabla ya mwisho wa muhula alikuwa anashuka kilima akikimbiza wachelewaji. Bamia, aliniambia, hataki hata kuiona picha yake.

Kisha akaja Kastori, dereva wa bodaboda kutoka Mandawa, kijana wa kucheza namba tisa siku za Jumapili na kuipiga kiki pikipiki yake siku zilizobaki. Huyu mkumbukeni, atarudi. Alionyesha kwa kidole kimoja, bila kusita, chini ya ncha ya pia.

"Hapahapa, Mzee. Nikiruka kupiga kichwa, kama nimechomwa msumari."

Wakati huo nilikuwa kijana mdogo, lakini Kastori alimwita Mzee kila mtu mwenye kalamu mfukoni. Hiyo ilikuwa ile kano nene ya kwenye mchoro wa ubaoni, iliyochoshwa na kuruka. Wengi wangemwambia apumzike kabisa. Mimi nilimwambia aipe kazi, lakini kazi ya polepole: aegemeze mgongo ukutani, ashuke kama anayekaa kwenye kiti kisichokuwepo, atulie hapo. Akaona nimerukwa na akili. Lakini alifanya, ukutani kwa nyumba, ukutani kwa duka, mpaka watu wa Mandawa wakadhani anazuia kuta zisianguke. Alipopona alifunga mabao mengi kiasi kwamba timu pinzani, nasikia, ziliomba mimi ndiye nifungiwe.

Na siku moja akaletwa mbeba magunia aliyeruka kutoka kwenye lori la korosho akatua vibaya. Mguu hauwezi kunyanyuka ukiwa umenyooka. Nikapapasa goti: pia haipo mahali pake! Imepanda, vidole kadhaa juu, imejibanza pajani. Nilipiga ukelele, "Nandonde!" Wodi nzima ikageuka.

"Nandonde ni nani?" Bi Agripina aliuliza.

"Ni ugonjwa, Bi. Ugonjwa wa kwetu Ruponda."

Akanieleza kwa utulivu kwamba kano ya chini ya pia imekatika, kwa hiyo msuli wa paja, ambao hauna tena anayeuzuia, umeivuta pia kuelekea juu. Mtu wa namna hii anapelekwa kushonwa mara moja. Alipelekwa, akashonwa, akarudi kubeba magunia. Mimi siku hiyo nilitembea kama mtu aliyevumbua umeme. Sayansi imekubali! Mzee Nandonde alikatika kano, pia ikapanda, hakushonwa, ikaendelea na safari yake. Tangu hapo kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha kisa cha Nandonde, pamoja na lile kovu la njia, na wote waliandika.

Bi Agripina alipostaafu aliniachia kikapu, pamoja na kile kipimapembe kisicho na ncha. Miaka ikapita. Nikawa Mzee kweli, Mzee Magoti, na nilipangiwa pia kwenda Ruangwa kila wiki kushika magoti ya huko. Huko ndiko yalikonikuta makubwa kuliko yote, na ndiyo ninayotaka myashike hata mkisahau mengine.

Asubuhi moja nikasikia sauti mlangoni: "Shikamoo, Mzee Magoti! Nimekuletea mrithi wangu!" Kastori. Tumbo limetangulia kidogo, pikipiki imekuwa mpya, lakini ni yeye. Nyuma yake anachechemea binti yake, Skola, wa darasa la sita, mrefu, mwenye mwili, beki wa mpira wa pete. Nyuma ya Skola bibi mmoja amejitanda kanga, mama mkwe wa Kastori, Bibi Fidea. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Goti langu hili, Mzee, limemrukia mtoto," Kastori akaendelea. "Walikwisha kumpiga picha ya goti kwingine, ni safi, wakasema ni mfupa unakua, utatulia. Mimi nikasema hapana, hii naijua. Nimempa yale mazoezi ya ukutani. Wewe mhakikishie tu, ana mechi Jumamosi."

"Baba ananikalisha ukutani kila asubuhi kama kalenda," Skola alisema.

Nikamwambia anionyeshe kwa kidole kimoja. Akanyoosha kidole, akasita, akakishusha. Akaweka kiganja juu ya goti, kikapanda pajani, kikarudi. Ugonjwa wake haukuwa na nyumba, haukuwa na mtaa hata. Nikabonyeza kano ya baba yake: haiumi. Nikabonyeza kile kichwa cha ugoko kinachovimba kwa watoto wanaokua haraka: hakiumi. Hakuna maji nje ya nyumba wala ndani. Nikaisukuma pia pembeni kuona kama ataogopa, kama wanavyoogopa wale ambao imewahi kuwateleza. Akanitazama tu. Goti zuri kuliko yote niliyoyaona mwaka ule, na mwenye goti anachechemea, unyayo ameugeuzia nje kama bata.

Sasa alipopanda kitandani, gauni likavutika kidogo, nikakiona. Kipande cha kanga kuukuu, kimefungwa pajani. Lakini si juu ya goti kama tulivyofunga sisi. Kimefungwa juu kabisa, karibu na kinena.

Vijana, nywele zangu zilisimama, na wakati ule bado nilikuwa nazo. Nikarudi Ruponda moja kwa moja. Nikawaza: aliyefunga hapa anaamini pia imekwisha kupanda, anaisubiri nyongani! Na neno hilo nyongani likaniamsha. Nikasikia sauti kavu ya Bi Agripina: kuku huyo, na majirani je?

Nikaikunja miguu ya Skola kuelekea kifuani, mmoja baada ya mwingine. Ule usiouma unakuja sawa. Huu wa pili, kadiri unavyokunjika, paja linakimbilia nje lenyewe, kama usukani uliokatika. Nikajaribu kuligeuzia ndani, kidogo tu. Skola akakamata shati langu, kifungo kikaruka.

"Hapo! Hapo, Babu, hapo!"

"Mzee," Kastori akasema, "mimi nimeleta goti, wewe unashika nyonga."

"Goti lako ni zima, Kastori. Linalia kwa niaba ya jirani."

Nikampigia daktari wa zamu, Daktari Rehema, binti mwepesi wa kusikia. Hakubishana. Skola akabebwa kwenye kiti cha magurudumu, sikuruhusu hata mguu mmoja ukanyage chini, akapigwa picha ya nyonga zote mbili, ya mbele na ya ubavu. Tukainua picha dirishani. Nikamwonyesha Kastori kwa lugha ya mtu wa Mandawa: "Bibo unalijua, na korosho inavyokaa kwenye ncha yake? Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa hivyo juu ya shingo yake, na kwa mtoto anayekua pale wanapokutana bado pabichi. Sasa tazama hapa. Korosho imeanza kuteleza kwenye bibo. Ikidondoka, damu inakatika, mfupa unakufa, na mtoto huyu hatakimbia tena maishani mwake. Akitembea, akiruka, akikaa ukutani, anaisukuma."

Kastori akaketi. Neno la ukutani lilimchoma, nililiona usoni. Nikamwambia mazoezi yalikuwa sahihi kwa goti lake na kwamba hakuna baba anayeona ndani ya nyonga. Daktari Rehema alikwisha kuandika rufaa ya upasuaji.

Lakini hofu humfanya mtu atafute kwao. "Basi Mzee," akasema, "ngoja nimrudishe Mandawa akamuage mama yake, ana kichanga ndani. Nampakia mbele, naendesha taratibu. Jumatatu alfajiri tuko hapa."

Mnaijua barabara ya Mandawa. Ile barabara inang'oa meno ya watu wazima. Nikasimama mlangoni, mikono huku na huku, kama golikipa anayesubiri penalti. "Kastori, hapa hupiti. Mimi nilikuponya, na mimi nitakuvunja."

"Mzee, mtoto ni wangu!"

"Ni wako. Na mguu ni wake."

Tulikuwa tumefika mahali pabaya. Mimi si mtu wa kupigana na baba wa mtoto, na yeye alikwisha kumshika Skola kwapani amnyanyue. Ndipo Bibi Fidea akainuka kwenye kiti. Hakupaza sauti. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda akasimama kando ya mjukuu wake, akasema, "Mkwe, huyu haendi Mandawa."

Ninyi mnajua mkwe kwetu ni nini. Kastori, mshambuliaji aliyetetemesha wilaya mbili, akainamisha macho sakafuni, akamwachia mtoto taratibu. "Ndiyo, Mama," akasema. Hakuna daktari bingwa mwenye dawa ya haraka kama ile.

Tukisubiri gari la wagonjwa nikamuuliza bibi kwa heshima, "Bibi, wewe ni mwenyeji wa Mandawa?"

"Huku nimefuata binti. Mimi ni wa Ruponda. Mjane wa Nandonde, yule wa mikorosho."

Miaka na ile kanga vilikuwa vimenificha sura yake. Mjane wa Nandonde! Kumbe ndiyo maana ya kitambaa! Nilikuwa na maswali ya kujaza siku nzima, lakini gari liliingia, tukamlaza Skola chali na vifuko vyangu vya mchanga huku na huku ya mguu usitikisike, na Bibi Fidea akapanda naye bila kuaga.

Sikula vizuri mpaka simu ilipoita. Alikuwa daktari wa upasuaji. Akasema wameingiza skrubu, korosho imeshikwa palepale, haijadondoka, na ile nyonga ya pili wataiangalia kwa sababu mara nyingine nayo hufuata. Kisha akasema neno ambalo silibadilishi kwa cheo chochote: "Mmewahi." Nilipiga kigelegele, mimi, mwanamume mzima, mpaka muuguzi akatoka mbio wodi ya wazazi akidhani kuna aliyejifungulia uani.

Skola alirudi kwangu na magongo. Kwanza kukanyaga kidogo, kisha zaidi, kisha mpira wa baiskeli, kisha vifuko vya mchanga. Kastori alimleta kila nilipomwita, na kila alipofika alisimama mbali na ukuta, makusudi, ili tucheke. Siku Skola alipopanda kile kijukwaa cha Bi Agripina na kushuka kwa mguu ule, goti limenyooka kama mshale, aliniuliza, "Babu, sasa naweza kucheza?" Nikamwambia asubiri ruhusa ya daktari wa upasuaji. Ilipokuja ruhusa, nilikuwepo uwanjani. Alikamata kila mpira uliopita angani, na mingine, naapa, iliyokuwa bado haijarushwa.

Basi juzi nilipostaafu mkaniandalia ile sherehe pale hospitalini Nachingwea, pilau na kuku, na mnakumbuka Skola aliingia akikimbia kunikabidhi zawadi, na nyuma yake Kastori na Bibi Fidea. Nilipopewa nafasi ya kusema nilisimama kwenye kiti. Nikasema yote. Nikaeleza kwamba sifa si zangu, ni za marehemu Mzee Nandonde wa Ruponda, ambaye pia yake ilimhama ikapanda mpaka nyongani, ambaye kovu lake lilinifundisha njia, na ambaye mjane wake, kwa elimu ile ya wazee, alifunga kitambaa pale pale pia ilipokuwa inaelekea, na kwa kitambaa hicho nikaiona nyonga! Mlipiga makofi. Nilikuwa sijashuka bado Bibi Fidea aliponiita.

"Mwanangu, kile kitambaa nilikifunga pale kwa sababu ndipo Skola alipokuwa akijishika akilia. Kichwa kikiuma, nafunga kichwa. Ulitaka nimfunge wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. "Sawa, Bibi. Lakini pia ya mzee..."

"Pia ya mume wangu haikwenda popote. Alianguka na baiskeli, goti likatua kwenye jiwe, pia ikavunjika vipande vipande. Daktari wa misheni akavitoa vyote."

"Na lile kovu, Bibi? Ile barabara?"

"Kisu cha daktari hicho," alisema. "Ninyi watoto mlikuwa mnatuibia korosho."